Gotra si kabila

Wiki hii nimeulizwa tena: "Mwalimu, Bharadwaja ni kabila gani la Wabrahmini?" Nimelijibu swali hili darasani, barazani na harusini, na kila mara linakuja na sura ile ile. Basi leo nalijibu kwa maandishi.

Bharadwaja ni gotra, yaani ukoo unaojihesabu kwa jina la rishi, mhenga wa kale wa Kihindu, na gotra haina eneo. Mbrahmini, mtu wa tabaka la makuhani, wa Tamil Nadu kusini mwa India na mwenzake wa Bihar kaskazini hawasikilizani lugha, wala kwa desturi hawaozani, na bado wote wawili wanaweza kuwa Bharadwaja. Jati, yaani jamii ya kuzaliwa ndani ya tabaka, unaoa ndani yake. Gotra unaoa nje yake. Ukichanganya hivyo viwili, kila utakachosoma baadaye kitakupotosha.

Majina ya juu ya gotra, yote ya marishi, ni manane: Vishwamitra, Jamadagni, Bharadwaja, Gautama, Atri, Vasishtha, Kashyapa, na Agastya aliyeongezwa juu ya saba hao. Matawi chini yao ni mengi, sitayahesabu hapa.

Ninachotaka kukaa nacho ni pravara, orodha ya marishi inayotajwa wakati wa kafara, kwa sababu wanaoandika juu ya gotra huiruka, na bila hiyo mfumo wote haueleweki. Wakati wa kafara kuhani hutaja marishi wa mwenye kafara, ili Agni, moto wenyewe, aliyewahudumia hao wa kale, amhudumie na huyu wa leo. Hutajwa mmoja, wawili, watatu au watano. Wanne hawatajwi, na watano hawapitwi. Bharadwaja hutaja Angirasa, yaani Angiras, kisha Barhaspatya na Bharadwaja. Vatsa, walio upande wa Jamadagni, hutaja watano wakianza na Bhargava, yaani Bhrigu. Sasa tazama vizuri: Bhrigu na Angiras hawamo katika wale wanane! Kwangu hiyo ni dalili kwamba orodha mbili za asili tofauti zilishonwa pamoja, na mshono unaonekana hadi leo. Kanuni ya ndoa nayo inauonyesha. Kwa kawaida rishi mmoja wa pamoja katika pravara anatosha kuwafanya watu maharimu. Kwa watu wa Bhrigu na Angiras hatoshi. Lazima walingane wengi, wawili kati ya watatu au watatu kati ya watano. Ndiyo maana Gautama na Bharadwaja, wote wakimtaja Angirasa, wanaoana.

Msomaji wa Lamu ataniambia: hii si nasaba tu, kama ya masharifu? Sharifu ana shajara, baba baada ya baba mpaka kwa Mtume. Mwenye gotra ana jina lake na la rishi, na katikati hakuna mnyororo anaodaiwa kuusoma. Isitoshe, bibi harusi huhamia gotra ya mumewe, mfalme wa Kikshatriya, tabaka la wapiganaji, alitumia pravara ya kuhani wake, na asiyeijua gotra yake huhesabiwa Kashyapa. Damu haiendi hivyo.

Hata hivyo sina raha kamili na jibu langu. Panini, mwanasarufi, anaieleza gotra kuwa ni uzao kuanzia mjukuu, na hiyo ni lugha ya damu waziwazi. Katika Rigveda, mkusanyiko wa nyimbo za kale za Kihindu, neno hilo hilo ni zizi la ng'ombe. Namna zizi lilivyogeuka uzao hueleza kila mtu kwa namna yake, na maelezo niliyoyasoma hayajaniridhisha, yangu yakiwemo.

Damu inayohesabiwa kweli ni sapinda, yaani ndugu wa karibu wasiooana: vizazi saba upande wa baba na vitano upande wa mama kwa sheria ya kale. Sheria ya ndoa ya India ya mwaka 1955 ilivipunguza kuwa vitano na vitatu, na haikuzuia watu wa gotra moja kuoana. Kule Mithila, upande wa Bihar, wapo watunza nasaba, panjikar, ambao hupekua vitabu vyao kabla ya posa kukubaliwa. Kazi hiyo isingekuwepo kama gotra ingetosha.

Na yupo Satyakama, kijana wa Chandogya Upanishad, kitabu kitakatifu cha kale cha Kihindu. Alipotaka kusoma, mwalimu alimuuliza gotra yake. Mama yake, Jabala, alikuwa amekwisha kumwambia kwamba haijui, maana alimpata ujanani akiwa mtumishi wa huku na huko. Kijana akayarudia maneno hayo vile vile mbele ya mwalimu. Mwalimu akamwambia alete kuni, atampokea, kwa kuwa hakuiacha kweli.