Unyayo kwenye theluji: unachopiga picha ni kivuli

Kila msimu wa baridi natumiwa picha na watu wanaouliza, "Huyu ni mnyama gani?" Nafungua, naona kijivu kitupu. Mtumaji anaapa kwamba pale alipokuwa aliona hadi kucha, nami namwamini. Yeye alitazama kwa macho mawili, na macho mawili hupima kina. Kamera ina jicho moja tu. Kwenye tope, unyayo huwa na rangi tofauti kidogo na ardhi inayouzunguka. Kwenye theluji shimo ni jeupe, ukingo nao mweupe. Kinachobaki cha kupiga picha ni kivuli.

Ndiyo maana huwa siulizi mtu ana kamera gani, nauliza mwanga ulitoka wapi. Jua la utosini huangaza hadi sakafu ya unyayo na kufuta kila kitu. Mawingu mazito ni mabaya zaidi, maana mwanga huja kutoka pande zote na hakuna kivuli kabisa. Mimi husubiri jua la asubuhi au la jioni, linalotambaa juu ya theluji hadi ukingo mmoja ung'ae na wa pili utupe kivuli ndani.

Jua likikataa, natumia flashi, ila siiachi juu ya kamera. Naiweka kando, chini, mwanga ukipita karibu sambamba na theluji. Kama unyayo umezama sana naiinua kidogo, la sivyo kivuli kinameza sakafu yote. Halafu kuna hatua ambayo wengi huiruka: mtu asimame na mwavuli au ubao kuzuia mwanga wa anga, kwa sababu mchana flashi hiyo humezwa usijue hata kama imewaka. Kamera ikiwa imetulia kwenye tripodi (kigoda cha miguu mitatu), nahamisha flashi na kupiga kutoka pande tatu au nne. Mwanga unaofichua kucha mara nyingi ndio huohuo unaoficha kisigino.

Nilipoanza kazi hii nilimwonyesha mwenzangu picha moja niliyojivunia sana. Akaitazama, akaniuliza, "Mbona nyayo zako zimevimba kama vipele?" Alikuwa sahihi. Ubongo hudhani mwanga hutoka juu, na katika picha ile ulikuwa unatoka chini ya fremu. Tukaigeuza juu chini, nyayo zikazama papo hapo. Tangu hapo nazunguka kwanza, nasimama mahali ambapo mwanga utaingia kwa juu ya picha.

Sasa kijivu kile. Kipima mwanga cha kamera hudhani kila kilicho mbele yake kina weupe wa wastani. Theluji mpya hurudisha zaidi ya asilimia 80 ya mwanga, kwa hiyo kamera inapunguza mwanga hadi theluji ifanane na majivu. Ushauri wa kawaida ni kuiambia kamera iongeze mwanga, kati ya +1 na +2 kwenye kipimo chake cha kurekebisha mwanga. Kwa nyayo mimi huanzia +1 na sipandi ovyo: picha ya mandhari inataka theluji ing'ae, yangu inataka punje zake zionekane. Histogramu, ile grafu ya mwanga kwenye kamera, ikishagonga ukuta wa kulia, punje hizo zimepotea na hakuna programu itakayozirudisha. Hifadhi faili ghafi (RAW), yaani picha ambayo kamera haijaichakata. Anga likiwa wazi, vivuli vitatoka na rangi ya bluu, usikimbilie kuiondoa. Nikiigeuza picha kuwa nyeusi na nyeupe, huchukua chaneli nyekundu, yaani sehemu ya picha iliyorekodi mwanga mwekundu tu, na bluu ile inageuka weusi unaochora unyayo vizuri.

Fokasi weka kwa mkono, kwenye punje moja ya sakafu ya unyayo. Fokasi ya otomatiki huhangaika kwenye weupe.

Rula unayoweka kando ya unyayo kuonyesha ukubwa wake ndiyo inayoharibu vipimo vingi, na kosa lenyewe halionekani. Tuseme kamera iko sentimita 60 juu ya theluji ikitazama chini wima, na unyayo umezama sentimita 10. Rula ikilala juu ya theluji, iko karibu zaidi na lenzi kuliko unyayo, kwa hiyo unyayo wa sentimita 10 utasomeka kama 8.6 hivi. Hiyo inatosha kumtaja mnyama asiye yeye. Chimba kijifereji pembeni, ulaze rula kwenye kina kilekile cha sakafu.

Wachunguzi wa uhalifu wana njia nyingine: hupuliza nta nyekundu iliyotengenezwa mahsusi kwa ajili ya nyayo za theluji, au rangi ya kijivu ya msingi, kwa mshazari na kutoka mbali, ili ishike upande mmoja tu wa kila mkunjo. Hupiga picha kwanza kabla ya kupuliza, kisha hukinga unyayo na jua, kwani rangi nzito hunyonya joto na theluji huanza kuyeyuka. Porini siitumii; sioni sababu ya kuacha rangi kwenye njia ya mbweha.

Betri ya akiba ikae mfuko wa ndani, karibu na mwili, maana baridi huidhoofisha. Kabla ya kuingia ndani ya nyumba, funga kamera kwenye mfuko wa plastiki usiopitisha hewa na uiache ipate joto polepole, umande usiingie kwenye lenzi. Ila toa kadi ya picha kwanza, usije ukakaa saa mbili ukiitazama ndani ya plastiki.