Je, wajua kwa nini saa ya mwaka 1950 haipaswi kung'aa gizani?

Ukiuziwa saa ya mkononi inayosemekana ni ya mwaka 1950, ingia nayo kwenye chumba chenye giza. Namba na mishale vikiendelea kung'aa kijani kwa muda mrefu, usitoe pesa kwanza. Rangi ile ilipaswa kuwa imezimika zamani.

Cha kushangaza, kilichokuwa kikiiwasha bado kimo. Saa nyingi za wakati ule zilipakwa rangi yenye radiamu, elementi waliyoigundua Marie na Pierre Curie mwaka 1898. Radiamu huchukua takriban miaka 1,600 kupungua nusu, kwa hiyo saa hiyo bado ina karibu radiamu yake yote. Ila radiamu siyo iliyokuwa ikimulika. Kazi yake ni kutoa mionzi. Mionzi ikigonga unga wa zinki salfaidi uliochanganywa nayo, unga ndio unaotoa mwanga. Kila pigo huharibu kidogo fuwele za unga huo, mchana na usiku, saa ikiwa imevaliwa au imefungiwa kabatini. Miaka inavyokwenda unga huchoka, mwanga ukafa, lakini mionzi haikomi. Kipima mionzi kikisogezwa karibu na saa hiyo hulia mpaka leo.

Rangi hiyo iliua watu. Huko Orange, New Jersey, wasichana waliopaka nyuso za saa walifundishwa kunyoosha ncha ya brashi kwa midomo. Mwili huipokea radiamu kama kalsiamu, nayo ikatulia mifupani. Taya zilioza, na baadhi yao wakafa wakiwa vijana. Kesi yao dhidi ya United States Radium Corporation iliisha kwa maafikiano mwaka 1928. Kwangu mimi, anayetaka kukusanya saa hizi awajue wanawake wale kabla ya kuuliza bei.

Katika miaka ya 1960 radiamu ilianza kuipisha tritiamu, aina ya hidrojeni yenye mionzi, ambayo mionzi yake ni dhaifu, haipenyi hata kioo cha saa. Nyingi za saa hizi zina maandishi madogo chini ya namba 6, kama "T SWISS T", T ikiwa ni ya tritiamu. Hapa hadithi inageuka: tritiamu hupungua nusu kila baada ya miaka 12 na kidogo, hivyo saa ya mwaka 1965 imebakiwa na takriban asilimia 3 tu. Safari hii hata chanzo chenyewe kimekaribia kwisha. Mwishoni mwa miaka ya 1990 watengenezaji wengi walihamia rangi isiyo na mionzi, ya aina ya LumiNova iliyobuniwa Japani, ambayo hunyonya mwanga na kuutoa gizani kwa muda wa saa kadhaa.

Sasa chukua tochi ya urujuanimno. Rangi ya tritiamu iliyozeeka huitikia kidogo, na ukizima tochi mwanga hupotea mara moja au ndani ya muda mfupi sana. Uso ulioandikwa "T SWISS T" ukiendelea kung'aa mpaka usiku wa manane, ama umepakwa upya, ama ni kopi. Wanaoghushi saa wanajua kuchanganya rangi ya maziwa au kahawia ili ionekane kuukuu, lakini chini ya kioo cha kukuzia mara nyingi huwa laini mno na ya namna moja kila mahali. Kigumu zaidi kuigiza ni kivuli cha kahawia kilichoungua usoni pale mishale yenye radiamu iliposimama kwa miaka mingi.

Tusimhukumu kila muuzaji, hata hivyo. Saa halali nyingi zilibadilishiwa uso au mishale zikiwa kwa fundi, na hilo si udanganyifu likisemwa wazi. Bei ndiyo inapaswa kushuka, maana mkusanyaji hulipia uhalisi.

Ukishainunua saa ya radiamu, usiifungue wala kuikwangua mwenyewe. Hatari kubwa ni vumbi likivutwa puani au kumezwa. Radiamu pia huzaa gesi yenye mionzi iitwayo radoni, kwa hiyo usirundike saa nyingi za namna hiyo kwenye chumba kisichopitisha hewa. Unapoipeleka kwa fundi, mwambie mapema kwamba ina radiamu, na mwandikie kwenye karatasi: safisha mashine, tia mafuta, uso na mishale usiviguse.