Je, wajua kuna bakteria anayelinda mizizi kwa kumwacha mnyoo aishi?

Kwa muda mrefu niliamini kwamba bakteria wanaotiwa shambani kuzuia minyoo fundo, yaani minyoo wadogo mno wa udongoni wanaoitia mizizi vifundo, hufanya kazi kama sumu: mnyoo anakutana nao, anakufa, mzizi unapona. Wapo wanaokaribia picha hiyo, kama baadhi ya jamii za Bacillus, ambao huota juu ya mzizi na kutoa kemikali zinazowadhuru minyoo au kuuamsha mmea ujikinge wenyewe. Pasteuria penetrans, bakteria ambaye hadi mwaka 1975 alidhaniwa kuwa protozoa (kiumbe wa seli moja asiye bakteria), hafanyi hivyo. Yeye humwacha mnyoo aishi, ale na anenepe, ila humnyima uzao.

Mnyoo mchanga, mwenye urefu wa takriban nusu milimita, husafiri katika unyevu wa udongo akitafuta ncha ya mzizi. Spora za Pasteuria, yaani chembe zake zilizolala zikingoja kuchipua, hazimfuati, maana haziwezi kutembea. Ni kama mbegu za kishonanguo, ambazo hutulia pale zilipo mpaka vazi la mpita njia liziguse, zikanasa. Spora imezungukwa na nyuzi nyembamba mno zinazoshika ngozi ya mnyoo, na chini ya hadubini huonekana kama kisahani kilichobandikwa ubavuni mwake. Tena, kama vile kishonanguo kinavyonasa kwenye pamba lakini kikateleza kwenye plastiki, spora zilizotoka kwa kundi moja la minyoo mara nyingi hazishiki kundi jingine, hata likiwa la spishi ileile.

Mnyoo huingia mzizini akiwa na mzigo huo. Akishaanza kula, spora huchipua, hutoboa ngozi yake, na bakteria huzaliana ndani. Jike ambaye angetaga mamia ya mayai huishia kuwa mfuko uliojaa spora zipatazo milioni 2, ambazo humwagika udongoni mzizi unapooza.

Ndiyo maana vifundo kwenye mizizi si ushahidi kwamba bakteria wameshindwa. Mnyoo aliyeambukizwa bado huusumbua mmea msimu huo, isipokuwa spora zilizomganda ziwe nyingi kiasi cha kumzuia kuufikia mzizi. Upungufu huonekana katika kizazi kinachofuata. Anayetaka kujua kama bakteria hawa wapo shambani mwake hana budi kuwatoa minyoo wachanga udongoni, kuwatazama kwa hadubini, na kuhesabu ni wangapi wamenaswa na spora.