Mbegu kwenye fuwele za sukari sio kichocheo

Hii sentensi nimeikuta mara nyingi sana kwenye ripoti za field za wanafunzi waliotoka viwanda vya sukari, na hata kwa watu ambao wako kazini miaka: "tunaweka mbegu ili kuchochea fuwele zitokee." Mstari unaofuata unasema "tunakoroga ili fuwele zikue haraka." Zote mbili zina kaukweli ndani yake, ndo maana ni ngumu kuzing'oa.

Maana yenyewe ni fupi. Shira inachemshwa kwenye pani ya vakyumu (chungu kikubwa kilichofungwa na kunyonywa hewa), joto la nyuzi 60 mpaka 70 hivi kwa sababu vakyumu inashusha kiwango cha kuchemka na sukari haiungui, maji yanatoka mpaka shira inabaki na sukari nyingi kuliko ile ambayo maji yaliyobaki yanaweza kuiyeyusha. Hapo imekolea kupita kiasi. Sukari iliyozidi ina mahali pawili tu pa kwenda: ikae juu ya fuwele ambayo tayari ipo, huko ndo kukua, au molekuli zijikusanye zenyewe zianze fuwele mpya, huko ndo kuzaliwa. Kupanda mbegu ni kuingiza fuwele ndogo sana za sukari ile ile, zilizosagwa ndani ya spiriti mpaka zikawa kama maziwa. Basi.

Sasa tuje kwenye kinachoniudhi. Kuzaliwa kunataka ukolezo mkubwa kuliko kukua. Tukisema 1 ndio pale shira imeshiba sawasawa, basi toka 1 mpaka karibu 1.2 fuwele zilizopo zinakua vizuri ila mpya hazizaliwi, toka hapo mpaka karibu 1.3 mpya zinaweza kuzaliwa kama ndani tayari kuna nyingine, na ukivuka 1.3 zinajizalia zenyewe tu bila kuombwa. Namba zinasogea kidogo kufuatana na usafi wa shira na joto lakini mpangilio ni huo huo. Na mbegu inawekwa wapi? Inawekwa kwenye lile eneo la kwanza, pale ambapo mpya hazizaliwi! Yaani mbegu hazichochei fuwele nyingine zitokee, mbegu ndio fuwele zenyewe, kila punje inayotoka pale mwisho ni mbegu iliyonenepa, na lengo zima la kuziweka ni kuhakikisha hakuna nyingine inayozaliwa.

Hilo kosa lina historia, sio ujinga. Zamani wapikaji wa pani walikuwa wanasubiri tu, wanazidi kuikausha shira mpaka inazaa yenyewe, halafu wanakadiria kwa macho kama zimetosha. Baadaye ikaja njia ya kuishtua: unaifikisha shira kwenye ukolezo wa juu kisha unatupia unga kidogo wa sukari, na fuwele zinalipuka kibao, nyingi kuliko ulichotupia. Kwenye njia hiyo mbegu kweli ilikuwa inachochea. Ila njia ya sasa, ya kupanda mbegu kamili, ni kitu kingine kabisa ingawa jina ni lile lile, na watu wamehamisha maelezo ya ile ya zamani wakayabandika kwenye hii.

Tofauti inaonekana kwenye hesabu. Mbegu ya maikroni 5 (maikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita) ikikua mpaka nusu milimita imeongezeka mara 100 kwa urefu, kwa hiyo mara 1,000,000 kwa uzito, maana yake kwa hesabu tupu kilo 1 ya mbegu inatosha tani 1,000 za sukari (kiwandani inawekwa zaidi kwa sababu nyingine zinayeyuka au zinagandana). Ndo maana idadi ya mbegu ndiyo inayoamua ukubwa wa punje: ni sinia moja la pilau, wakikaa walaji kumi kila mmoja anashiba, wakikaa hamsini kila mmoja anapata tonge. Asali nayo ni hivyo hivyo. Mtaalamu wa ufugaji nyuki Elton Dyce alipata hataza mwaka 1935 ya kuigandisha asali iwe laini, na siri yake ni kuchanganya asali iliyoganda laini ndani ya asali ya maji kisha kuiweka kwenye ubaridi, mbegu zinakuwa nyingi mno mpaka hakuna punje inayopata nafasi ya kuwa kubwa ukaihisi mdomoni.

Kukoroga nako. Karibu na uso wa fuwele kuna utando mwembamba wa shira ambayo sukari yake imeshachukuliwa, ukikoroga utando unapungua na sukari mpya inafika, pia joto linakuwa sawa pani nzima na fuwele hazitulii chini zikashikana. Hapo kukoroga kunasaidia kukua, kweli. Lakini kuna mahali faida inaisha, kwa sababu molekuli bado inahitaji muda wa kujipanga kwenye uso wa fuwele na huo muda huwezi kuuharakisha kwa pangaboi la kukorogea. Ukizidisha, fuwele zinagongana zenyewe kwa zenyewe na zinagonga pangaboi, na kila mgongano unaweza kudondosha vipande vidogo ambavyo navyo vinaanza kukua, so umezaa fuwele ambazo hukuzipanda. Zikifika kwenye sentrifuji, ile mashine inayozungusha kwa kasi kutenganisha fuwele na molasi (shira nyeusi iliyobaki), vile vidogo vinaziba nafasi kati ya vikubwa, molasi haitoki, inabidi uoshe kwa maji mengi, na maji yanayeyusha sukari ambayo umeshaipika. Ndo maana ile masekwiti (mchanganyiko wa fuwele na shira yake) ya mwisho, nzito na chafu, inakorogwa polepole mno huku inapozwa kwa saa nyingi, hata siku nzima au zaidi.

Kwa hiyo mdogo wangu unayeandika ripoti, ile sentensi ya kwanza iandike hivi: "mbegu zinawekwa ili sukari ikae juu yake na fuwele mpya zisizaliwe." Na ya pili: "shira inakorogwa kiasi cha kutosha kuisambaza, bila kuvunja fuwele."