Je, wajua kwa nini mtoto mwenye miguu iliyokakamaa hupigwa picha ya kichwa?

Mtoto anatembea kwa ncha za vidole, magoti yanagongana, miguu imekaza kama mbao. Daktari anamkunja na kumkunjua, anamwangalia akitambaa, kisha anaandika kipimo cha kichwa. Mzazi anashangaa, na ana haki ya kushangaa: kinachosumbua ni mguu, kichwa kimeingiaje?

Kimeingia kwa sababu mara nyingi mguu hauna kasoro iliyoanzia humo. Misuli ipo, mifupa ipo, shida iko kwenye amri. Kila hatua huanza kama ishara katika tabaka la juu la ubongo, ikashuka kwa nyuzi ndefu za neva hadi uti wa mgongo, ndipo misuli ikaitika. Ishara ikivurugika njiani, misuli hukaza isipotakiwa kukaza, au hulegea, au hucheza bila kutumwa. Mtindio wa ubongo, ulemavu wa viungo unaowapata watoto wengi kuliko mwingine wowote, ni jina la jumla la hali hizo zinapotokana na jeraha lililoupata ubongo ungali unajijenga.

Njia ya amri ina ramani yake, na hapo ndipo picha inapoanza kusema. Ndani kabisa ya ubongo kuna vyumba vyenye majimaji. Nyuzi zinazokwenda miguuni hupita karibu sana na kuta za vyumba hivyo, na zile za mikononi na usoni hupita mbali kidogo. Sasa mfikirie mtoto njiti aliyezaliwa kabla ya wiki ya 34. Katika umri huo, eneo la kandokando ya vyumba ndilo dhaifu kuliko yote. Damu ikipungua au mwili ukipambana na maambukizi makali, hilo ndilo huumia kwanza. Kwa hiyo miguu ndiyo inayobeba mzigo, na mikono inapona kwa kiasi. Mimi huona hili kuwa jambo la kustaajabisha: umbali mdogo sana ndani ya kichwa unaamua kama mtoto atapata taabu ya kutembea au ya kushika kijiko.

Aliyetimiza miezi yake tumboni lakini akakosa hewa vibaya wakati wa kuzaliwa huonyesha sura nyingine. Kwake huumia zaidi vifundo vya seli vilivyo katikati ya ubongo, vile vinavyopima nguvu na mpangilio wa mwendo, naye huwa na viungo vinavyojipinda vyenyewe. Manjano kali ya mtoto mchanga isiyotibiwa hulenga sehemu ndogo ya vifundo hivyo hivyo. Kiharusi cha kabla au wakati wa kuzaliwa kwa kawaida hugonga upande mmoja tu. Yaani jeraha linaacha alama ya mahali, na mahali panaeleza kwa kiasi kikubwa wakati.

Hilo la wakati lilibishaniwa kwa zaidi ya karne. Mwaka 1861 daktari William John Little aliwaambia madaktari wa uzazi jijini London kwamba ukakamavu wa watoto hawa unatokana na uzazi mgumu. Sigmund Freud, ambaye kabla ya kujulikana kwa mambo ya ndoto alikuwa daktari wa neva, alipinga mwaka 1897: huenda uzazi ulikuwa mgumu kwa sababu mtoto alikuwa na tatizo tangu tumboni. Hakuna aliyeweza kuamua, kwa kuwa ubongo wa mtoto aliye hai haukuwa ukionekana. Mashine za MRI, zinazopiga picha ya ndani ya mwili kwa sumaku, zilipoenea, ilidhihirika kuwa visa vingi havitokani na kukosa hewa wakati wa kuzaliwa. Kuna akina mama wengi waliobeba lawama, wakidhani hawakusukuma vizuri au walichelewa kwenda hospitali, na picha imewatua mzigo ambao haukuwa wao.

MRI haitumii mionzi ya eksirei. Ni sumaku yenye nguvu makumi ya maelfu ya mara kuliko ile ya dunia, inayozipanga atomu za haidrojeni zilizo kwenye maji ya mwili, kisha mawimbi ya redio yanazisukuma na mashine inasikiliza zinavyorudi. Kuna aina yake inayofuatilia jinsi chembe za maji zinavyosogea: kwenye nyuzi za neva maji husogea kwa urahisi zaidi kufuata urefu wa uzi kuliko kuuvuka. Kwa hesabu hiyo watafiti huichora njia ya amri na kuona ilipokonda. Kwa mtoto mchanga ambaye utosi haujafunga, altrasaundi hupenya palepale utosini, ingawa haioni kwa undani kama MRI.

Shida kubwa ni kwamba mashine hii inataka utulivu, na mgonjwa wetu ni yule yule ambaye mwili wake hautulii. Anatakiwa alale bila kutikisika, pengine nusu saa au zaidi, ndani ya bomba linalopiga kelele kama nyundo. Mchanga hunyonyeshwa akashiba, akafungwa vizuri kwenye blanketi, masikio yakazibwa, akapigwa picha usingizini. Mkubwa kidogo huzoezwa kwanza katika mashine ya bandia, akijifunza kulala kama sanamu. Wengine hupewa dawa ya usingizi, lakini aliyelala hawezi kuambiwa achezeshe vidole, kwa hiyo maswali mengine ya utafiti hubaki bila jibu.

Na mtikisiko hauchafui picha tu, unadanganya. Mwaka 2012 watafiti walionyesha kwamba kichwa kikisogea hata chini ya milimita moja, takwimu za ushirikiano wa sehemu za ubongo hubadilika: zilizo jirani huonekana zimeungana sana, za mbali zimeachana. Watoto husogea kuliko watu wazima, hivyo baadhi ya yaliyosomwa kama tofauti za ubongo wa mtoto yalikuwa, kwa sehemu, mtikisiko wa kichwa. Ilibidi kazi nyingi zipitiwe upya. Ukisoma utafiti wa namna hii, uliza kwanza walidhibitije mtikisiko.

Pamoja na hayo, yaliyopatikana ni makubwa. MRI ya kiutendaji hufuata damu yenye oksijeni, ambayo huongezeka sekunde chache baada ya sehemu ya ubongo kuanza kazi. Kwa kawaida mkono wa kulia huongozwa na nusu ya kushoto ya ubongo. Mtoto mchanga ana pia nyuzi zinazoshuka upande ule ule bila kuvuka, ambazo hufifia anapokua. Nusu moja ikijeruhiwa mapema, nyuzi hizo zinaweza kubaki, na nusu isiyojeruhiwa ikachukua kazi ya mikono yote miwili. Mtoto kama huyo akikunja ngumi moja, nyingine nayo hujikunja. La ajabu zaidi, kwa baadhi yao hisia za kugusa hubaki kwenye nusu iliyojeruhiwa: mkono unaamriwa na upande mmoja na kuhisiwa na mwingine. Watoto wawili wenye mikono dhaifu inayofanana kwa macho wanaweza kuwa na ubongo uliojipanga tofauti kabisa, na huenda wakahitaji mazoezi tofauti.

Kuna pia picha isiyo na kasoro yoyote. Takriban mtoto mmoja kati ya kumi wenye dalili za mtindio wa ubongo, MRI yake haionyeshi jeraha. Wazazi wengine hukata tamaa wakiambiwa “hatuoni kitu”. Lakini jibu hilo linamtuma daktari kutafuta kwenye jeni. Miaka ya 1970 daktari Masaya Segawa wa Japani alieleza watoto ambao miguu yao hupinda kadiri siku inavyosonga: asubuhi wanatembea, jioni hawawezi. Ubongo wao haujajeruhiwa, unashindwa tu kutengeneza dopamini ya kutosha, kemikali inayosaidia kuongoza mwendo, na jeni inayohusika mara nyingi ilitambuliwa mwaka 1994. Wapo waliokaa miaka kwenye kiti cha magurudumu kwa jina la mtindio wa ubongo, na walipopewa dozi ndogo ya levodopa, dawa ambayo mwili huigeuza kuwa dopamini, wakasimama na kutembea baada ya siku chache.