"Nina fobaifo, winta hainitishi" na uongo mwingine wa tairi za pikapu

Jamani nimechoka. Kila baridi ikikaribia mtu analeta pikapu, namuuliza tairi za winta unazo, ananitazama kama nataka kumuibia halafu ananijibu, "Bosi, hii si fobaifo?"

Basi tuanze na hiyo hiyo maana ndiyo inayonikera kuliko zote. Fobaifo inapeleka nguvu ya injini kwenye magurudumu manne, kazi yake inaishia hapo. Itakusaidia kuondoka, kupanda mlima, kujinasua ukikwama. Lakini breki? Kila gari lina breki magurudumu manne, hata kale kagari ka jirani yako unakokadharau, kwa hiyo ukikanyaga breki juu ya barafu hiyo fobaifo haina cha kukuongezea, linalokusimamisha ni tairi. Kona vile vile. Na ABS, ule mfumo unaozuia magurudumu yasijifunge ukikanyaga breki, nayo inagawa tu ule mshiko ulioko, kama tairi haishiki hakuna cha kugawa.

Tena fobaifo inakupotosha. Gari la kawaida likiondoka tu linaserereka, dereva anajua leo pabaya, anapunguza mwendo. Wewe umeondoka vizuri kabisa, ukadhani barabara ni salama, ukafika 60, na habari ya utelezi unaipata wakati tayari unahitaji kusimama. Usiponiamini tafuta uwanja mpana mtupu wenye theluji iliyoshindiliwa, nenda 30, kanyaga breki ukiwa 2H (magurudumu mawili tu yanasukuma), halafu rudia ukiwa 4H (yote manne), shuka uhesabu hatua. Tofauti utaitafuta.

Na kuna kitu wenye pikapu wengi hawakijui kuhusu gari lao wenyewe. Pikapu nyingi fobaifo yake ni ya kuchagua na haina difu ya katikati, ile inayoruhusu mbele na nyuma kuzunguka kwa kasi tofauti, yaani kwenye lami kavu hutakiwi kuweka 4H kabisa, ukikata kona gia zinakazana na unaiua transfa, lile boksi la gia linalogawa nguvu mbele na nyuma. Sasa barabara ya winta ilivyo, unakwenda lami kavu kilomita kadhaa, ghafla juu ya daraja kuna barafu, kisha kavu tena, kwa hiyo muda mwingi unaendesha 2H, maana yake yanayosukuma ni magurudumu ya nyuma tu, na injini iko mbele na nyuma hujabeba kitu. Huo ndio mpangilio mbaya kuliko yote kwenye utelezi! Zile zenye 4A, yaani fobaifo inayojiwasha yenyewe, zina nafuu ya kusukuma, ila breki ni zile zile nilizosema.

Haya, "tairi zangu zimeandikwa M+S", yaani matope na theluji. Hizo herufi zinaelezea umbo la meno tu, kiwanda kinaziandika bila kuhitaji kuijaribu tairi kwenye theluji. Tafuta ubavuni alama ya mlima wenye vilele vitatu na ua la theluji ndani yake, ipo tangu 1999, hiyo ndiyo imepita jaribio. Na hata hilo jaribio ni la theluji, si la barafu, msije mkaninukuu vibaya.

Kuna wale wa tairi za ofrodi zenye meno makubwa, wanasema zitachimba. Kwenye theluji nene sawa zinachimba, lakini pikapu nyingi zinaishia mtaroni kwenye barafu au theluji iliyokandamizwa na magari, na pale kinachoshika ni ile michano myembamba iliyojaa kwenye kila jino la tairi ya winta, inafunguka na kung'ata. Jino la ofrodi mara nyingi limebaki zima tu. Halafu kuna mpira wenyewe. Tairi ya kiangazi ikishuka chini ya nyuzi 7 hivi inaanza kukakamaa, asubuhi ya baridi kali ibonyeze kwa kucha uone, ni kama plastiki, wakati ya winta bado kucha inazama.

Kununua mbili tu za nyuma? Hapana. Mbele haitakata kona wala kusimama, na kwenye fobaifo tairi zisizolingana mzunguko zinatafuna transfa na difu. Nne au acha.

Kupunguza upepo ili zishike? Hapana tena, baridi inakupunguzia yenyewe, kama psi 1 kila nyuzi joto 5 au 6 zikishuka. Umejaza ndani ya gereji penye nyuzi 20, gari likilala nje kwenye hasi 10 umeshapoteza kama psi 5. Pima asubuhi tairi zikiwa baridi, ujaze kama kibandiko cha mlangoni kinavyosema.

Viroba vya mchanga nyuma havina ubaya, vinasaidia kusukuma, ila viwe juu ya ekseli na vifungwe, na usitegemee vikupunguzie umbali wa kusimama.

Kuhusu hela, wakati za winta ziko chini zile nyingine zinapumzika, hivyo seti zote mbili zinadumu zaidi. Ushauri wangu mimi, nunua na rimu zake kabisa, na kama breki zinaruhusu shuka saizi, toka rimu ya inchi 20 uende 17, tairi nyembamba inakata theluji vizuri na bei inashuka, ila namba ya uzito ambao tairi inaweza kubeba isiwe chini ya ile ya kiwandani maana hilo ni gari la mizigo. Kama kwenu theluji ni siku chache na unaweza kuliacha gari nyumbani, sikulazimishi, tafuta tu za misimu yote zenye ule mlima.

Mkinunua mtumba angalieni kina cha meno. Sheria nchi nyingi inaishia milimita 1.6, lakini tairi ya winta ikishuka chini ya 4 imeshakuwa jina tu. Na msome tarakimu nne za mwisho za DOT, ile namba ya kiwanda iliyo ubavuni mwa tairi, 3819 ni wiki ya 38 ya 2019. Muuzaji akikwambia zimefutika, mwache nazo.