Mwandishi wa komiki aitwe lini?

Nahariri skripti za filamu hapa Nairobi, na kila baada ya muda huletewa komiki ya mtu, niambiwe inataka kugeuzwa filamu. Huuliza kwanza: mwenyewe yuko wapi? Mara nyingi hayuko. Kalipwa, kaahidiwa tiketi ya siku ya uzinduzi, basi.

Komiki moja ya aina hiyo ilikuwa ya kijana wa Umoja. Shujaa wake ni makanga wa matatu za Rongai anayeweza kupaa. Skripti niliyopewa ilikuwa imenyooka, ina vichekesho, ina mapigano ya kutosha pale Railways. Katikati, shujaa akiwa juu ya mji, anasikia mtoto akilia Mathare, anateremka kumwokoa. Mimi sikuona kosa. Prodyuza naye hakuona. Mwandishi tulimwita shingo upande, akasoma mpaka hapo akasukuma karatasi kando. "Huyu akipaa huwa kiziwi," alisema. "Ndiyo maana mamake alikufa akimwita."

Nikarudi kwenye komiki. Kweli, visanduku vyote vya angani, yaani picha zote zinazomwonyesha akipaa, havina kiputo hata kimoja cha maneno. Nilidhani ni mtindo wa mchoraji, kumbe mwandishi ndiye aliyemwagiza aviache hivyo.

Komiki huishi kwa kuacha. Kati ya kisanduku na kisanduku kuna pengo, na msomaji hulijaza mwenyewe. Filamu hupita picha 24 kwa sekunde na ina sauti juu yake, kwa hiyo lile pengo lazima mtu alijaze. Asipokuwepo aliyeliacha, litajazwa kwa kubahatisha, tena na watu stadi wasiojua kwamba wanabahatisha.

Simaanishi apewe kiti cha mwelekezi. Frank Miller, mtunzi wa komiki wa Marekani, alielekeza Sin City ya 2005, filamu ya komiki yake mwenyewe, pamoja na mwelekezi Robert Rodriguez, ambaye alijitoa katika chama cha waelekezi cha Marekani kwa sababu kilikataa majina yao yakae pamoja. Ilifaulu. Mwaka 2008 Miller akaelekeza peke yake The Spirit, komiki ya Will Eisner, ambaye alikuwa ameshafariki. Ikaanguka. Kwangu mimi, hapo walikosekana wawili: mwelekezi mzoefu wa kukaa naye, na Eisner mwenyewe. Wengine hawataki kabisa kuitwa. Alan Moore, mwandishi wa komiki ya Watchmen, alikataa jina lake litajwe kwenye filamu yake, na hiyo ni haki yake.

Halafu kuna pesa. Jim Starlin, aliyembuni Thanos, jambazi mkuu wa filamu za Marvel, alisema hadharani mwaka 2017 kwamba KGBeast, mhusika wake mwingine, jambazi mdogo tu katika filamu ya Batman na Superman ya kampuni ya DC, alimletea hundi kubwa kuliko wahusika wake wa Marvel, Thanos, Gamora na Drax, wakijumlishwa. Wahusika wa kampuni mbili, mikataba miwili. Ukubwa wa mhusika haukuhesabiwa.

Kwetu hali haiko mbali. Chini ya Sheria ya Hakimiliki ya Kenya, kazi uliyoagizwa na mtu huhesabiwa ya huyo aliyekuagiza, isipokuwa mmekubaliana vingine. Kinachobaki kwako ni haki za kimaadili: utambuliwe kama mtunzi, na upinge kazi yako ikipotoshwa kiasi cha kuharibu heshima yako. Ni kinga, lakini ya kukimbilia mahakamani filamu ikiwa imeshatengenezwa. Kwa hiyo mimi hudai sentensi moja kwenye mkataba: mtunzi asome rasimu ya kwanza, na alipwe kwa siku hizo. Maprodyuza hukunja uso. Siku tatu za mtunzi ni nafuu kuliko kurudi kupiga picha upya Mathare.

Lile onyesho la Mathare tuliliandika tena. Mtoto analia, tunamwona mdomo wazi, na makanga anapita juu yake akielekea Rongai. Hakuna muziki, hakuna hata upepo. Fundi wa sauti alisoma, akauliza kama tumesahau kumpa kazi.